Vifaa vya kung'arisha vyuma vya gari nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wamiliki wa magari na pikipiki wa Arusha na vitongoji vyake ambao wangependa kung'arisha wenyewe kava za injini, rimu, bampa, egzosi na vipande vingine vya metali, bila kupeleka kila kitu gereji.

Ninunue mashine gani kwanza?

Mashine isubiri. Kabla ya kwenda dukani ni lazima ujue kipande chako kimetengenezwa kwa metali gani na kimefunikwa na nini juu yake, kwa kuwa kifaa kinachofaa kwa kava ya injini ya alumini kitaliharibu bampa la kromu ndani ya muda mfupi sana, na kile kinachofaa kwa bomba la egzosi hakitafua dafu mbele ya rimu iliyopakwa klia, yaani vanishi angavu ya kukinga metali.

Tafuta sumaku, hata ile iliyotolewa kwenye spika mbovu, na uiguse kwenye kipande. Ikinasa kwa nguvu, chini kuna chuma cha kawaida, ama kitupu ama kilichopakwa kromu. Isiponasa na kipande kikawa chepesi, yaelekea ni alumini, au ni plastiki iliyopakwa kromu, ambayo imejaa kwenye grili na nembo za magari ya miaka ya karibuni. Hiyo ukiigonga kwa ukucha mlio wake ni mfu. Stenlesi ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu ziko aina zinazonaswa na sumaku na aina zisizonaswa. Itambue kwa uzito: kwa ujazo uleule, stenlesi ina uzito unaokaribia mara tatu ya ule wa alumini.

Rimu zangu ni za alumini, lakini nasugua polishi na hakuna kinachobadilika. Kwa nini?

Rimu nyingi za alumini hutoka kiwandani zikiwa na tabaka la klia, na polishi unayoisugua inang'arisha klia hiyo, wala haifiki kwenye metali. Kuthibitisha, lowanisha kipande kidogo cha msasa wa maji wa P2000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini) na usugue kidogo mahali palipofichika, kwa mfano upande wa ndani wa rimu. Maji yakigeuka meupe, unasugua klia. Yakigeuka ya kijivu au meusi, umefika kwenye alumini. Klia ni lazima itolewe yote, ama kwa dawa ya kubandua rangi ama kwa msasa, kabla ya hatua nyingine yoyote. Ukiitoa nusu, mpaka kati ya sehemu mbili utaonekana daima.

Iko pia alumini iliyooteshwa ngozi ngumu ya oksidi kwa umeme ndani ya tindikali. Ngozi hiyo haipitishi umeme, kwa hiyo ukiweka mita ya umeme kwenye sehemu inayotoa mlio umeme unapopita na kugusa kipande kwa ncha zake mbili bila kukwaruza, mita itakaa kimya. Wapo wanaoiondoa ngozi hii kwa kostiki soda. Nashauri jambo hilo lisifanyike nyumbani: kostiki soda ikikutana na alumini huchemka, hutoa gesi ya haidrojeni ambayo inawaka, na tone moja likiruka jichoni linaweza kukupofusha. Msasa utakuchosha mkono, lakini hautakupeleka hospitali.

Bampa langu la kromu lina vidoa vya kutu. Nitumie msasa namba ngapi?

Hakuna namba inayofaa. Kromu ya urembo kwa kawaida haifikii unene wa mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, nayo imelazwa juu ya tabaka la nikeli, ilhali chembe za msasa wa P2000, ambao watu huuona laini mno, zina ukubwa wa mikroni 10 hivi. Kunja karatasi ya alumini ya jikoni, ilowanishe kwa maji, na usugue vidoa taratibu. Karatasi hiyo ni laini kuliko kromu, na kutu ya juu itatoka. Malizia kwa polishi ya kromu na kitambaa cha pamba. Vishimo ambavyo kutu imekwisha kuvichimba vitabaki, na kromu iliyobanduka hairudishwi kwa kusuguliwa bali kwa kupakwa upya kiwandani.

Ninahitaji misasa ya namba zipi, na kwa nini nisiruke baadhi yake?

Msasa ndio kifaa chenye uzito kuliko vyote katika kazi hii, na ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Gurudumu la kitambaa na polishi yake haviondoi mikwaruzo mirefu. Hulainisha tu kile ambacho msasa umekiacha. Kila ninapoona kava inayong'aa kwa mbali lakini ikisogelewa inaonyesha mistari chini ya mng'ao, sababu huwa ni moja: mtu alikuwa na haraka ya kufika kwenye mashine.

Kwa kipande cha alumini ya kusubu, chenye ngozi ya chembechembe kama zile za ukuta uliopigwa lipu ya kurusha, anza na P120 au P180, kisha pita P240, P320, P400, P600 na P800. Kwa kipande kilichokwisha kuwa laini, anza moja kwa moja na P400. Chembe za P400 zina ukubwa wa mikroni 35 na za P800 karibu mikroni 22, na kila namba ina kazi moja pekee, nayo ni kufuta alama zilizoachwa na namba iliyotangulia. Ukitoka P180 ukaruka hadi P600, karatasi hiyo laini itazungusha kingo za mikwaruzo bila kufika chini kabisa ya mikwaruzo hiyo.

Ili kujiridhisha, badili mwelekeo kila unapobadili namba. Kama P240 uliisugua kutoka juu kwenda chini, P320 isugue kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha kaushe kipande, toka nacho nje asubuhi jua likiwa bado chini, na ukigeuzegeuze mpaka mwanga ulale juu yake kwa mshazari. Mstari wowote unaokatisha mwelekeo wa sasa ni deni la namba iliyopita, na hulipwa kwa namba hii uliyoishika, si kwa inayofuata. Deni likiisha, osha kipande, osha mikono, na mwaga maji ya ndoo, kwani chembe chache za msasa mkali zilizobaki majini zitachora mistari mipya kwenye kazi laini.

Kwa alumini tumia msasa wa maji, na weka sabuni kidogo kwenye maji hayo, kwa sababu metali hii ni laini na huujaza msasa mkavu mara moja. Penye sehemu bapa, zungushia msasa kwenye kipande cha soli ya ndala kuukuu. Vidole vitupu huchimba mifereji ambayo huioni mpaka mng'ao unapotokea.

Jambo moja la dukani: angalia kama nyuma ya karatasi kuna herufi P kabla ya namba. Kipimo cha Marekani hakina herufi hiyo na hakilingani na hiki kingine. Msasa wa 400 wa kipimo hicho unakaribia P800, na wa 600 unakaribia P1200. Mchanganyiko wa karatasi za vipimo viwili, unaopatikana kirahisi kwenye maduka yetu ya vifaa, unaweza kukufanya uruke namba bila kujua.

Nina grenda ya inchi nne na nusu. Si inatosha?

Kwa sehemu kubwa ya kazi hii, hapana. Kinachong'arisha si nguvu ya mota bali mwendo wa ukingo wa gurudumu, na mwendo huo hupatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa 3.14, kisha kwa idadi ya mizunguko. Gurudumu la pamba hufanya kazi vizuri ukingo wake ukienda takriban mita 20 hadi 40 kwa sekunde. Grenda za milimita 115 huzunguka kwa kawaida mara 11,000 kwa dakika zikiwa hazina mzigo. Ukifunga gurudumu la milimita 100, ukingo unakwenda mita 57 kwa sekunde. Hapo polishi hurushwa ukutani kabla haijagusa kipande, alumini hupata moto na kufanya mawimbi, na gurudumu lenyewe, likiwa halikutengenezwa kwa mwendo huo, linaweza kuchanika. Kila gurudumu la kununua huandikwa mwisho wa mizunguko yake. Lisiloandikwa lolote lisifungwe kwenye grenda.

Grenda yenye kidhibiti cha mwendo kinachoishusha hadi mizunguko 3,000 hivi ni habari nyingine, na kwa bampa kubwa lisilofunguka kirahisi ni chombo kizuri sana. Swichi ya kupunguzia mwanga wa taa za sebuleni isitumike badala ya kidhibiti hicho. Haikutengenezwa kubeba mota ya grenda. Grenda ya kawaida ibakie kwenye kazi yake, yaani kusawazisha maungio yaliyochomelewa kwenye bampa la chuma kwa diski ya vipande vya msasa, kabla msasa wa mkono haujaanza.

Na drili ya kawaida?

Drili inatukanwa bure. Yenye mizunguko 2,800 na gurudumu la milimita 75 hutoa mita 11 tu kwa sekunde, kwa hiyo kazi itakwenda polepole, lakini kwa kava moja ya klachi ya pikipiki au vifuniko vya nati za rimu polepole si tatizo, na makosa yake ni madogo. Usiikandamize kwa ubavu kwa muda mrefu, maana beringi zake zilitengenezwa kwa kusukumwa kwenda mbele. Drili pia ina faida ambayo mashine nyingine hazina: boliti ikifungwa kwenye taya zake, unaweza kushika ukanda mrefu wa msasa kwa mikono miwili, mmoja kila upande, na kichwa chote kikalainika ndani ya muda mfupi. Ukanda usizungushiwe kidoleni. Sehemu yenye nyuzi za boliti usiiguse.

Mashine ya mezani ya ukubwa gani inafaa?

Kwa umeme wetu wa volti 230 na hezi 50, mashine nyingi za mezani zenye magurudumu mawili huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Gurudumu la milimita 150 hapo linatoa mita 22 kwa sekunde, na la milimita 200 linatoa karibu 30. Zote mbili ni sawasawa kwa alumini. Mota ya wati 370 inatosha kwa milimita 150. Kwa milimita 200 tafuta wati 550 au zaidi, la sivyo ukiegemeza kipande kidogo mashine itasimama huku ikinguruma.

Kitu cha kuangalia kabla ya bei ni urefu wa mhimili unaotoka kwenye mota. Mashine ya kunolea ikitolewa mawe yake na kufungwa magurudumu ya kitambaa hufanya kazi, ila mhimili wake ni mfupi na kava kubwa huanza kugonga mwili wa mota, tena kwenye kona ileile unayotaka kuifikia. Mashine ya kung'arishia halisi ina mihimili mirefu pande zote mbili. Ukiweza kusubiri hadi upate hiyo, subiri.

Kuna mashine ya mtumba kutoka Japani, bei yake ni nzuri. Niichukue?

Soma kibao chake kwanza. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na ule wa Marekani ni volti 120. Mota ya namna hiyo ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya Arusha itaungua. Utahitaji transfoma yenye uwezo unaozidi wati za mashine, nayo ina bei yake na uzito wake. Kama kibao kinaonyesha hezi 60 peke yake, mota yake ya mezani itazunguka pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita, na itapata joto zaidi. Mashine ya njia tatu za umeme, zinazotoka viwandani na karakana kubwa, haitawaka kwenye nyumba yenye njia moja. Jumlisha yote hayo ndipo useme bei ni nzuri.

Magurudumu ni ya aina gani, na nianze na lipi?

Gurudumu la mkonge ndilo kali kuliko yote ya kitambaa. Hufuta alama za msasa wa P320 au P400 na huokoa saa nyingi za mkono. Inafurahisha kwamba nyuzi hizi ni za mmea tunaoufahamu vizuri tangu Richard Hindorf alipouleta nchini mwaka 1893, na ambao mashamba yake yameenea kuanzia Tanga hadi tambarare za chini ya Moshi. Linalofuata ni gurudumu la pamba lililoshonwa kwa duara nyingi zilizokaribiana, ambalo ni gumu kiasi na hufanya kazi ya kati. La mwisho ni la pamba iliyoshonwa katikati tu, tabaka zake zikiwa huru. Hilo halikati kitu bali hutoa mng'ao wa kioo. La filti, yaani sufu iliyoshindiliwa, ni kwa sehemu bapa na kingo kali zinazotakiwa kubaki kali.

Mwenye fedha ya mawili tu achukue la pamba lililoshonwa kwa karibu na la pamba huru, kisha afike P800 kwa mkono.

Naweza kushona gurudumu la khanga kuukuu?

Unaweza, kwa masharti. Kitambaa kiwe pamba tupu: choma uzi wake kwa kiberiti, na ukiacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua ni pamba, lakini ukijikunja na kuacha tone gumu jeusi ni poliesta, ambayo itayeyuka na kujibandika kwenye kazi yako. Vitenge vingi vya bei nafuu huanguka mtihani huu. Jinzi kuukuu za pamba hufaulu na hukata vizuri. Kata duara za kipenyo kimoja, zipange huku kila moja ukiigeuza kidogo ili mwelekeo wa nyuzi usilingane, zishone kwa uzi wa pamba kwa duara kadhaa, na uzibane katikati ya washa mbili pana. Gurudumu hili ni la drili peke yake, si la mashine ya mezani wala grenda. Likitetemeka, lifungue na ulipunguze upande mzito.

Miche ya polishi ina rangi nyingi. Zina maana gani?

Kila mche ni unga wa kusugua uliochanganywa na nta au mafuta. Mweusi kwa kawaida ni mkali, wa hatua ya kwanza kwa chuma na stenlesi. Wa kahawia hukata kwa wastani na ndio unaofaa alumini na shaba kwa kuanzia. Mweupe, wenye oksidi ya alumini, humalizia alumini na stenlesi. Wa kijani una oksidi ya kromu na huipa stenlesi mng'ao wa mwisho. Mwekundu una oksidi ya chuma na ni wa metali laini kama shaba, fedha na dhahabu. Rangi hizi ni desturi tu, wala si sheria, na watengenezaji hutofautiana. Soma kilichoandikwa kwenye kifungashio.

Kila gurudumu liwe na mche wake mmoja, na uandike rangi kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwake. Ukichanganya mweusi na mweupe kwenye gurudumu moja, limekuwa la mweusi. Mche uguse gurudumu linalozunguka kwa sekunde moja au mbili tu. Ukiweka mwingi, uso wa alumini hujaa tope jeusi linalonata ambalo halisuguliki. Hapo simamisha kupaka, na ukwangue ukingo wa gurudumu kwa kipande cha bleidi ya msumeno wa chuma mpaka nyuzi zifumuke tena.

Kona na mifereji ambayo gurudumu haliingii nifanyeje?

Drili ndogo ya kushika kama kalamu, yenye ncha za filti, ndiyo yake. Nyingi hufika mizunguko 30,000, lakini kwa filti na polishi weka mwendo wa chini. Kompresa ndogo ya lita 24 au 50 isikushawishi kununua vifaa vya upepo, kwani vingi hula hewa kuliko inavyoweza kuijaza.

Nisimame vipi, na nivae nini?

Hili ndilo eneo ambalo mtu mzoefu huumia kuliko mgeni. Simama mbele ya gurudumu linalozunguka kuja chini upande wako, na shikilia kipande chini ya usawa wa mhimili, kwenye robo ya chini inayokutazama. Kikinaswa hapo, kinarushwa kwenda chini na mbali nawe. Ukikiweka juu ya mhimili, gurudumu linakishika na kukutupia.

Kinachonasa ni ukingo. Chukulia kava ya klachi yenye ukingo mwembamba na matundu ya boliti: ukiisogeza ili gurudumu lipite kutoka katikati kwenda nje na kuuacha ukingo, nyuzi huteleza na kuondoka. Ukiigeuza ili gurudumu liukabili ukingo kutoka nje, nyuzi huingia kwenye tundu, na kabla hujafikiri kava haiko mikononi. Kwa hiyo fanya nusu ya kipande kuelekea ukingo wa chini, kigeuze, kisha nusu ya pili. Sakafuni mbele ya mashine tandika godoro kuukuu au mkeka wa mpira, ili kilichonaswa kisivunjike.

Vaa miwani inayofunika pande zote na barakoa ya vumbi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi jembamba. Nguo ziwe za kubana, mikono ikunjwe au ifungwe vifungo, nywele zifungwe, na khanga, mtandio, shuka, cheni na pete vibaki ndani. Glavu pana za kitambaa ni hatari kuliko mkono mtupu kwa sababu huvutwa. Kipande kikipata moto, pumzika au kichovye majini. Watoto wasiwepo uani.

Ni kweli kwamba vumbi la alumini linawaka?

Ni kweli. Vumbi jembamba la alumini likiwa hewani linaweza kulipuka, na likichanganyika na vumbi la kutu hufanya mchanganyiko unaowaka kwa joto kali mno. Usisage alumini na kuchomelea au kukata chuma mahali pamoja siku hiyohiyo bila kusafisha. Fagia kwa ufagio laini, usipulize kwa kompresa, na usilifungie vumbi bichi ndani ya kopo, kwa kuwa likiwa na unyevu linaweza kutoa haidrojeni. Alumini isisagwe pia kwenye jiwe la kawaida la kunolea. Hujaza matundu ya jiwe, jiwe hupata moto, na linaweza kupasuka.

Rimu ziosheni kwa maji mengi kabla ya kuanza. Vumbi la breki lisipulizwe wala kusuguliwa kavu, kwa sababu pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto.

Ni vipande gani visiguswe kabisa?

Diski za breki mahali pedi zinapobana, nyuso za gasketi, mahali beringi inapokaa, nyuzi za boliti, na sehemu za usukani na za kushikilia magurudumu. Rimu yenye ufa ising'arishwe, kwani mng'ao huficha ufa huo kwa atakayeinunua. Kava ya injini ifunguliwe na kusafishwa kabisa pande zote mbili kabla ya kurudishwa. Unga wa msasa ukiingia kwenye oili, beringi za injini ndizo zitakazolipa.

Mashine italamba umeme kiasi gani?

Kidogo. Mashine ya wati 500 ikifanya kazi mfululizo kwa saa mbili hutumia yuniti moja ya LUKU. Kinachoua mota ni waya mwembamba na mrefu wa kuunganishia, unaoshusha volti. Tumia mnene, mfupi, wenye njia ya ardhi, na uufungue wote badala ya kuuacha umejikunja.

Baada ya kung'arisha, mng'ao utadumu muda gani?

Inategemea unakoendesha. Alumini tupu huanza kufifia yenyewe, na hapa kwetu adui si mvua ya masika pekee. Magari ya watalii yanayoshuka kwenda Ziwa Natron na kingo za Ziwa Manyara hurudi na vumbi lenye magadi, na magadi yakipata unyevu hula alumini na kuacha madoa meupe. Osha kwa maji safi siku hiyohiyo ya kurudi, na uepuke sabuni kali za kuoshea injini, maana nyingi zina asili ileile ya magadi. Nta ya gari juu ya alumini husaidia na hupakwa tena kila inapoisha. Klia hudumu zaidi lakini hupunguza mng'ao kidogo, na ikianza kubanduka kazi yote hurudi mwanzo. Mimi hupendelea nta. Chuma kitupu kilichong'arishwa, hasa kwa wakazi wa Tengeru na miteremko yenye ukungu, kipakwe oili nyepesi au klia siku hiyohiyo.

Nimepanga, na uani tunashirikiana. Inawezekana?

Msasa wa maji hauna kelele wala vumbi, na ndio sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo ufanye wakati wowote barazani. Mashine iwashwe mchana baada ya kuongea na mwenye nyumba na majirani, mbali na kamba za nguo, kwa sababu nyuzi nyeusi za polishi zikitua kwenye shuka lililoanikwa hazitoki kwa kufua mara moja. Kama hilo haliwezekani, malizia kipande hadi P800 nyumbani, kisha kipeleke kwa fundi mwenye mashine ya mezani akupigie gurudumu tu. Mwonyeshe mahali palipo na ukingo mwembamba, na mpatane bei ya kung'arisha bila msasa.